Baba ana melanoma (aina ya saratani ya ngozi) ya unyayoni, sisi watoto tutarithi?

Dada, pole kwa mzee. Umeuliza kama ni damu ya ukoo au jua la shamba, na umemtaja binamu yenu mwenye ualbino. Nakujibu kwa yaliyotufika sisi huku Pongwe, Tanga.

Baba yangu mdogo alikata mkonge miaka mingi. Siku moja akatuonyesha doa jeusi kisiginoni, dogo kama mbegu ya papai. Tukasema mwiba wa mkonge umebaki ndani. Kijana mmoja akalichokoa kwa wembe, likavuja damu, likafunga, likarudi pana zaidi, kingo zimepindapinda kama ramani. Mwaka mzima tunakanda na kupaka, na jirani keshatia neno la husuda. Alipovimba mtoki ndipo tukakimbilia hospitali, kinyama kikakatwa kupimwa, kumbe ni melanoma. Tulikuwa tumechelewa sana.

Swali lako nilimuuliza daktari. Akanijibu: jua la shambani lilimpiga mgongoni, kisigino lilikiona wapi? Sisi weusi melanoma hututokea zaidi nyayoni, viganjani na chini ya kucha, na huko jua halina kesi kubwa. Hata Bob Marley yake ilikuwa kidole gumba cha mguu, ikadhaniwa jeraha la mpira. Akafa 1981, miaka 36.

Kurithi kupo. Jeni (chembe ya urithi) inayotajwa sana ni CDKN2A. Mzazi akiwa nayo mbovu, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuipata. Ila nayo inategemea unaishi wapi: kwenye koo zenye jeni hiyo mbovu, kwa walioirithi, hadi umri wa miaka 80, Ulaya walikadiriwa kuugua 58 kati ya 100, Australia 91. Jeni ileile, jua tofauti, ngozi nyeupe. Kwa mzee wako peke yake huwezi kusema ni ukoo. Madaktari hushtuka wakisikia ndugu watatu wa damu, au mtu mmoja kaipata zaidi ya mara moja, au saratani ya kongosho nayo imeshaua watu upande huohuo.

Binamu yenu ni habari nyingine. Ualbino hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, na kwake jua ni adui hasa, ingawa saratani inayowasumbua zaidi wenye ualbino si melanoma. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua, basi.

Ambalo sikuambiwa na mtu ni hina. Shangazi yangu hakosi harusi, nyayo zake nyeusi kwa piko mwaka mzima, doa utalionaje? Siku hizi tunangoja ifutike, namkalisha barazani na tochi ya simu, natazama kati ya vidole, kisha kucha moja moja: mstari mweusi unaopanuka, au weusi uliovuka ukucha ukaingia kwenye nyama. Ramadhani iliyopita nikakuta doa kwenye wayo. Likakatwa, majibu yakarudi safi. Ila Idi ilimkuta na bandeji mahali pa piko, na mpaka leo hajanisamehe.