Aliyekuona wodini ndiye akuandikie barua

Kila inapokaribia Septemba, wadogo zangu walioko vyuo vya udaktari huniletea swali lilelile: barua za mapendekezo niombe kwa nani? Wengi huuliza wakiwa na jibu lao tayari, kwamba watamwendea profesa fulani mwenye jina kubwa. Mimi nilipita njia hiyo ya kuomba nafasi ya mafunzo ya ubingwa Marekani, na siku hizi ni mmoja wa wanaosoma maombi katika idara yetu ya magonjwa ya ndani. Jibu langu ni moja. Mwombe aliyekuona ukifanya kazi, hata kama hajulikani nje ya wodi yake.

Tusidanganyane: barua haifufui faili ambalo halijafika mezani. Programu nyingi za mafunzo huchuja kwanza kwa mitihani na vigezo vingine, na barua husomwa kwa makini baadaye, pale mafaili yaliyobaki yanapofanana. Uzito wake unaonekana tunapochagua wa kuitwa kwenye usaili, na tena tunapopanga orodha yetu ya mwisho. Tangu Januari 2022 mtihani wa USMLE Step 1, hatua ya kwanza ya mitihani ya leseni ya udaktari Marekani, hauna alama tena, ni kufaulu au kufeli tu. Kipimo kimoja kikubwa cha kuwatofautisha waombaji kikaondoka. Zimebaki alama za Step 2, ripoti ya chuo, insha yako, na barua. Insha umejiandikia mwenyewe. Kwenye barua tunamsikia daktari aliyesimama nawe kando ya kitanda cha mgonjwa.

Shida ni kwamba karibu kila barua inasifu. "Ni mchapakazi, ana nidhamu, anaelewana na wenzake." Soma za namna hiyo jioni nzima uone kama utakumbuka jina hata moja. Ninayoikumbuka mimi iliandikwa na daktari ambaye sikuwahi kumsikia. Alieleza kuhusu mgonjwa mwenye shinikizo la damu ambaye potasiamu yake iligoma kushuka, na timu nzima ikawa inazilaumu figo. Mwanafunzi alirudi mchana baada ya raundi, akakaa na binti wa mgonjwa, wakapitia kimoja baada ya kingine alivyokuwa akitumia nyumbani. Kumbe mzee aliambiwa apunguze chumvi, naye akahamia chumvi mbadala, ile inayotengenezwa kwa potasiamu, huku akimeza dawa ya presha ambayo nayo hupandisha potasiamu. Mwandishi hakutumia neno "makini" hata mara moja. Hakuhitaji. Tulimwita kijana yule kwenye usaili.

Upande wa pili kuna sifa za baridi. "Alitimiza majukumu yake yote" ni sentensi ambayo mama yako angeifurahia, lakini msomaji wa maombi anaelewa kuwa mwandishi amekosa la kusema. Vilevile "ninampendekeza" tupu haifiki mbali kama "ningefurahi kumpata abaki katika idara yangu." Barua ya baridi kutoka kwa mtu mashuhuri inaumiza zaidi, kwa sababu tunajiuliza kwa nini mwenye uzoefu mkubwa namna hiyo amesema machache.

Kwa hiyo namna ya kuomba ina maana. Usiseme, "Daktari, naomba uniandikie barua." Sema, "Daktari, unaona umenifahamu kiasi cha kuniandikia barua yenye nguvu?" Halafu msikilize. Akisita, akianza kusema ana shughuli nyingi au angependa umwone mwingine, mshukuru uende zako, amekufanyia hisani. Uliza wiki ya mwisho ya rotesheni, yaani zamu yako ya mafunzo katika idara yake, kabla wanafunzi wengine hawajaja na sura yako haijafutika. Mpe wasifu wako, insha yako, na karatasi moja inayotaja wagonjwa mliowahudumia pamoja na ulichofanya, bila majina yao. Najua wengine mnaona huko ni kujipigia debe. Lakini daktari anayepitisha makundi ya wanafunzi mwaka mzima hawezi kukumbuka kila kitu, na atafurahi kurahisishiwa kazi.

Taratibu za ERAS, mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi haya, hazina ugumu, ila zina mitego. Unamsajili mwandishi kwenye mfumo, unapata fomu ya kumpelekea, na yeye ndiye anayepakia barua, wewe huruhusiwi. Kila programu unaweza kuipelekea barua zisizozidi 4, na nyingi huhitaji 3. Utaulizwa kama unaiacha haki yako ya kuisoma barua. Iache. Programu zinaona ulichochagua, na barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma haiaminiki sana. Ukiomba fani mbili, mwandishi mmoja aandike barua mbili, kila moja na usajili wake, maana hakuna kinachochekesha idara ya upasuaji kama barua inayokusifu kwa mapenzi yako ya magonjwa ya watoto. Wanaokwenda tiba ya dharura wana fomu yao maalumu, SLOE, ambayo inamtaka mwandishi akulinganishe na wenzako. Hapo maneno matamu hayana pa kujificha.

Kwa mliosoma nje ya Marekani: ni kweli programu nyingi hupenda barua za madaktari wa huko, na baadhi huzitaka kabisa, hivyo pitia masharti ya kila moja. Lakini kusimama pembeni ukitazama wenzako wakihudumia wagonjwa hakumpi mwandishi cha kuandika zaidi ya kwamba ulihudhuria. Ukiweza, tafuta nafasi ya kumgusa mgonjwa. Na pale masharti yanaporuhusu, barua ya bingwa wa nyumbani aliyekesha nawe zamu za usiku iende pamoja na hizo.

Waandishi huchelewa, kumkumbusha kwa adabu baada ya wiki mbili si usumbufu. Akizidi kuchelewa, wasilisha ombi lako hivyohivyo. Programu huanza kuyasoma mwishoni mwa Septemba, na barua inayokuja baadaye unaweza kuiongeza, lakini ombi likichelewa huenda likakuta nafasi za usaili zimeanza kugawiwa.