Kwa nini mtoto anasema 6 + 3 ni 8?

Swali: Nafundisha darasa la kwanza la msingi (P.1) karibu na Arua, Uganda, lenye watoto 74. Wakiwa na vijiti wanajumlisha vizuri, ila kila mara wanahesabu vyote upya kuanzia moja. Nimewafundisha waanze na namba kubwa kisha waendelee, na sasa karibu nusu yao wananipa jibu lililopungua moja: 6 + 3 ni 8, 5 + 2 ni 6. Nikiwarudishia vijiti wanapata, nikiviondoa kosa linarudi. Tena vijiti vyenyewe vinapotea kila wiki. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, jibu linalopungua moja kila mara si la kubahatisha. Mtoto huyo anafuata kanuni, ila kanuni yenyewe ina kasoro. Inama karibu naye umsikilize: "Sita," anainua kidole cha kwanza; "saba," cha pili; "nane," cha tatu. Vidole vitatu vimetimia, basi jibu ni nane. Ile sita ameihesabu mara mbili, kwanza kama vitu vilivyokuwepo, halafu kama kitu cha kwanza cha kuongeza.

Angalia pia kama watoto wamezoea kuimba namba darasa zima, daima kuanzia moja. Mtoto wa hivyo anaweza kuzijua kama wimbo tu, asiweze kuudakia katikati. Kwa hiyo pima mambo mawili kwanza, mtoto mmoja mmoja. Dakika moja inatosha. Mpe vifuniko 7 vya soda avihesabu, kisha uliza, "Viko vingapi?" Akianza kuvihesabu tena, bado hajatambua kwamba namba ya mwisho aliyotaja ndiyo idadi ya vyote. Huyo mwache aendelee kuhesabu vyote, usimsukume. Jambo la pili, mwambie, "Anza nane, endelea." Akinong'ona kuanzia moja hadi afike nane, ule wimbo wa namba uanzieni mahali tofauti kila siku: leo tano, kesho saba.

Waliofaulu yote mawili wape kopo. Tia vifuniko 6 ndani huku wakiona, funika kwa daftari, panga 3 nje. Mtoto anaweka kiganja juu ya kopo na kusema "sita" mara moja tu. Kisha anagusa vya nje: "saba, nane, tisa." Kiganja juu ya kopo ndicho dawa yenyewe, maana sita inapata mahali pake na haiwezi kupewa kifuniko cha nje. Asiyeamini afunue, ahesabu vyote. Cha kuongeza kisizidi 3 mpaka wazoee. Namba ya kwanza iwe kati ya 4 na 7, jumla isipite 10.

Ukihamia vidole, ngumi iliyofungwa inachukua nafasi ya kopo. Anagonga kifua kwa ngumi na kusema "sita", hakuna kidole kilichoinuka. Kidole cha kwanza kinainuka na "saba". Wala usiwakataze vidole katika umri huu. Anayekatazwa atavificha chini ya dawati, na wewe hutaona tena anapokosea.

Kwa wale wanaoendelea kukosea, tokeni nje. Chimbeni mashimo 10 mstari mmoja, kila moja na namba yake. Watoto wengi wamewaona wakubwa wakicheza omweso, ndugu wa bao la pwani, na wanajua kwamba shimo ulilochukua kete hulianzii kupanda, yaani kudondosha kete moja moja; unaanza na linalofuata. Mtoto anasimama kwenye shimo la 6 na kete 3 mkononi, anadondosha moja katika la 7, moja la 8, moja la 9. Kete ya mwisho ilipoangukia ndipo penye jibu. Mstari wa namba ubaoni huleta kosa lilelile, kwa sababu watoto wanahesabu alama badala ya hatua. Mashimo yanalionyesha kosa waziwazi: akiweka kete pale aliposimama, wenzake watapiga kelele kabla yako.

Kuhusu vijiti kupotea, tumia vifuniko vilivyotungwa kwenye kamba. Kila mtoto alete vifuniko 10. Viponde kwa nyundo juu ya jiwe mpaka ukingo ulale, la sivyo vitawakata, kisha toboa kwa msumari. Pitisha kamba ya katani, 5 vikionyesha upande wa rangi na 5 upande wa ndani, ufunge fundo kila mwisho. Acha kamba ya ziada kama upana wa kiganja ili vifuniko vitelezeke. Kamba hiyo inafundisha jambo la pili pia. Tenga 2 kushoto na 8 kulia, halafu igeuze: sasa 8 vimetangulia, na hakuna kilichoongezeka wala kupungua. Baada ya hapo, kuambiwa "anza na kubwa" hakuwi amri tupu.

Jumla zikipita 10, tafuta trei ya mayai ya 30. Ikate vipande vitatu, kila kimoja safu 2 za vikombe 5. Kwa 8 + 5, jaza 8, chukua 2 katika zile 5 uzibe nafasi, zinabaki 3: kumi na tatu. Taja namba hizi kwa lugha ya watoto, kama mtaala wa P.1 hadi P.3 unavyotaka. Kumi na moja ya Kiswahili au kkumi n'emu ya Kiganda inaitaja kumi waziwazi. "Eleven" ya Kiingereza inaificha.

Usishangae kosa hili likirudi mtakapofika kwenye kutoa, safari hii jibu likizidi moja: 9 − 3, "tisa, nane, saba", basi ni 7. Warudishe kwenye mashimo. Anasimama la 9, kete ya kwanza inaangukia la 8.