Rafiki Yako Akikupa Siri Hiyo

Rafiki yangu aliniambia kwamba huvutiwa na wanaume wenzake. Nianze na lililo wazi, nisije nikaambiwa nimelikwepa. Madhehebu yote manne yanaharamisha liwati, yaani mwanamume kumwingilia mwanamume, na dalili kubwa ni kisa cha kaumu ya Nabii Lut, Al-A'raf aya ya 80 mpaka 84. Wametofautiana kwenye adhabu: Imamu Abu Hanifa hakuiwekea hadd, yaani adhabu maalumu ya sheria, akamwachia hakimu, Mashafi, ambao ndio wengi wetu huku pwani, wanaipima kama zinaa. Wapo wa zama hizi, kama msomi Mwislamu wa Marekani Scott Kugle katika kitabu chake cha 2010, wanaosema kaumu ile iliangamia kwa kuwadhulumu wageni na kumkadhibisha Mtume. Hawajanikinaisha.

Ila rafiki yangu hakunijia kutaka fatwa. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani, na juzuu alinitangulia. Alitaka mtu mmoja tu ajue.

Basi funga mdomo. Al-Hujurat aya ya 12 inakataza dhana mbaya, kupeleleza na kusengenya kwa mpigo mmoja. Usimhoji analala na nani. Linalompitia moyoni haandikiwi dhambi, na asilokwambia si lako. Usimwambie hata mkeo. Hapa Kenya kifungu cha 162 cha kanuni za adhabu kinafika miaka 14 jela kwa kitendo hicho, na mtaani hawangoji mahakama. Februari 2025 Imamu Muhsin Hendricks, aliyejitangaza kuwa shoga, alipigwa risasi akafa huko Gqeberha, Afrika Kusini. Mimi nampinga alifu hadi yee, na damu yake ilikuwa haramu kumwagwa.

Kuna siku kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, mtu alirusha picha ya kijana, chini kaandika: "Huyu mnamjua tabia zake?" Nikajibu kwamba An-Nur aya ya 4 inataka mashahidi wanne, na asiyewaleta ana viboko 80; tunawangoja. Picha ilifutwa kabla ya isha.

Penye uzito hasa ni ndoa. Mama yake aliniita, akanikalisha, akanimiminia kahawa: "Mwanangu, wewe anakusikia. Mwambie aoe, atatulia." Msichana wa watu alishatafutwa. Wengi hapa huitikia, wakidhani wanatenda kheri. Lakini wanazuoni wanasema nikahi hubadilika hukumu, na kwa anayejua atamdhulumu mke haki zake huwa haramu. Yule binti ana kosa gani hata apewe mume asiyemtaka, awe ndiye dawa? Siri sikuitoa. Nilisema tu: "Mama, hili sitomshawishi, na wewe usimlazimishe."

Yeye mwenyewe aliniuliza mara moja naonaje. Nikamwambia ninavyoamini, bila kupaka asali, na sijarudia. Husali anaposali, futari hutuletea mkate wa mofa, mpira tunabishana vilevile. Wanaokukumbusha Jahannamu kila mkikutana hatimaye utawakimbia, na msikiti wao ukaukimbia pia.

Harusi haikuwa. Mama yake hadi leo nikimwamkia hununa, ila shikamoo huitikia.