Taa za kukimbizana: kutoka LED za mezani hadi mikanda ya jukwaani

Swali: Shikamoo fundi. Nilinunua seti ya kujifunzia elektroniki, ile ya LED 10 zinazokimbizana, yenye IC (chipu) mbili, NE555 inayotoa mapigo na CD4017 inayoyahesabu, na betri ya volti 9. Nimeiunga mwenyewe na inafanya kazi vizuri. Mwezi ujao tuna sendofu ya dada yangu. Nataka mikanda minne ya LED ya volti 12, mita mbili kila mmoja, ikimbizane nyuma ya kiti chake. Nilitoa LED moja nikaunga mkanda mahali pake, ukawaka hafifu sana na CD4017 ikapata joto. Niongeze betri? Na je, naweza kutumia balbu za umeme wa nyumbani? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba. Usirudie jaribio hilo, maana IC iliyopata joto inaomba msaada. Kuongeza betri peke yake kungeimaliza.

Mkanda wa aina ya 5050 wenye LED 60 kwa mita unakula wati 14.4 kwa kila mita, yaani ampia 1.2. Mita mbili ni ampia 2.4, au miliampia 2,400. Mguu mmoja wa CD4017 unatoa miliampia chache tu. Isitoshe, LED za mkanda zimepangwa tatu tatu kwa mfululizo, na kila kundi linahitaji kama volti 8 ndipo lianze kuwaka, na 12 ndipo liwake sawasawa. Betri yako ilikuwa na volti 9 tu, na ikashuka zaidi ilipoelemewa.

Kwa hiyo iache seti ifanye kazi yake, ambayo ni kuhesabu na kutoa amri. Mzigo upite njia nyingine kabisa: kutoka pawasapulai ya volti 12 kwenda kwenye mkanda, na katikati yupo mlinzi anayefungua na kufunga kwa amri ya CD4017.

Mafundi wengi watakuambia mlinzi huyo awe transista ya TIP120. Itafanya kazi, lakini kwa ampia 2.4 inapoteza zaidi ya volti moja ndani yake. Mkanda utafifia na transista itachemka hadi uifungie bati la kupozea. Mimi nakushauri mosfeti (transista inayofunguliwa kwa volti) ya IRFZ44N, moja kwa kila mkanda. Ikifunguka sawasawa ina ukinzani wa omu 0.0175 hivi, kwa hiyo kwa mkanda wako itapoteza kama wati 0.1, na utaigusa bila kuhisi joto. Tena geti lake, yaani mguu unaopokea amri, linataka volti tu. Likishajaa halivuti mkondo, na CD4017 inapumua.

Sharti ni kwamba geti lipate volti 10 au zaidi, ndiyo maana seti italishwa volti 12 badala ya betri, na hapa ndipo wengi hukwama. Kwenye seti yako LED zote 10 zimeungana upande wa hasi na kutumia rezista moja. Ukiziacha, zinavuta volti ya mguu wa IC chini na mosfeti inafunguka nusu nusu, ambayo ndiyo hali inayoiunguza. Vilevile, ukiipa seti volti 12, LED zilizozimika zinaweza kupigwa kinyume na volti hadi karibu 10, ilhali LED nyingi za aina hiyo kikomo chake ni volti 5. Zitoe zote 10. Chukua multimita upime matundu zilipokuwa LED: yale yaliyoungana yenyewe kwa yenyewe ni ya hasi, achana nayo. Lile lililobaki katika kila jozi linatoka kwenye IC, na ndilo unalolitaka.

Kutoka tundu hilo weka rezista ya omu 220 kwenda kwenye geti, na nyingine ya kilo-omu 100 kati ya geti na hasi, ili mosfeti isijiwashe yenyewe. Ukiitazama IRFZ44N usoni, miguu chini, kutoka kushoto ni geti, dreini (mkondo unapoingia), sosi (unapotokea). Sosi inakwenda hasi ya pawasapulai, dreini inakwenda hasi ya mkanda. Chanya za mikanda yote minne zinaungana moja kwa moja kwenye volti 12. Hasi ya seti na hasi ya pawasapulai lazima ziwe kitu kimoja, la sivyo geti halitaelewa amri. Bati la nyuma la mosfeti limeungana na dreini, basi yale manne yasigusane. Na mkondo wa mikanda usipite kwenye bodi ya seti hata kidogo, kwa sababu njia zake za shaba ni nyembamba mno. Tumia waya.

Sasa CD4017 inahesabu hadi 10 na wewe una mikanda minne, kwa hiyo jukwaa litakaa giza kwa hatua sita. Tumia miguu ya 3, 2, 4 na 7 kwa mfuatano huo, kisha unganisha mguu wa 10 na mguu wa 15 ili hesabu irudi mwanzo. Tafadhali, kabla ya hapo kata njia inayopeleka mguu wa 15 kwenye hasi. Seti nyingi huwa zimeufunga huko, na ukisahau utakuwa umepiga shoti mguu wa 10.

Seti nayo ilishe kutoka pawasapulai ileile, kupitia dayodi ya 1N4007, na baada ya dayodi weka kapasita ya mikrofaradi 100 ya volti 25. Bila hivyo mikanda ikiwaka na kuzima inatikisa volti na hesabu inaruka. Kapasita za seti zilizoandikwa volti 10 zibadilishe. Kwa kuwa mkanda unawaka mmoja mmoja, pawasapulai ya ampia 5 inatosha na kubaki. Weka fyuzi ya ampia 4 kwenye chanya.

Balbu za umeme wa nyumbani zinawezekana kwa MOC3041 na triaki ya BT136, ambazo ni swichi za kielektroniki za umeme huo, lakini sikushauri hata kidogo. Nyuma ya kiti cha bibi harusi kuna vitambaa, maua yenye maji na watoto wanaochungulia. Relei nazo, yaani swichi zinazobofywa kwa sumaku, zinachakaa: relei ndogo ya kawaida huhesabiwa mibofyo 100,000 kwa mzigo wake kamili, na ikibofya mara moja kila sekunde hiyo ni saa 28 tu. Baki kwenye volti 12.

Kabla ya kuunga mikanda, washa seti na upime kila geti. Zamu yake ikifika lisome kama volti 11, ikipita lirudi sifuri. Kisha punguza kasi hadi hatua zisizidi tatu kwa sekunde. Mwanga mkubwa unaopepesa haraka unaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa, na ukumbini hujui nani amekaa mbele. Potenshomita (kirekebisha kasi cha seti) ikifika mwisho na kasi bado ni kubwa, badilisha kapasita ya NE555: ukitoa ya mikrofaradi 1 ukaweka ya 10, mwendo unapungua mara kumi.