Mwanangu hasali, lakini karudisha pesa za watu

SWALI: Asalaam alaykum, Mwalimu. Mwanangu anasoma chuo kikuu Nairobi. Likizo hii kaniambia hasali tena, haoni dalili ya Mungu. Nimelia sana. Wiki hiyohiyo mtu alimtumia shilingi 6,000 za M-Pesa kimakosa, naye akazirudisha kabla hajaulizwa. Je, wema usio na Mungu ni wema kweli?
Mama wa Shela, Malindi

JIBU: Waalaykum salaam, dadangu. Nilipokuwa kijana nilishika mizani ya samaki hapa Lamu. Tajiri wangu alinifunza kuinua sahani kwa goti, kidogo tu, mvuvi asing'amue. Akaja mzee na changu wake, vidole vimechanwa na mshipi, akaukodolea macho mshale wa mizani. Nikainua. Kilo nzima ikapotea. Goti lilinitetemeka, na wallahi sikuwaza Moto wala Pepo. Nilikuwa naviona vile vidole.

Sura ya Al-Mutaffifin yaanza, "Ole wao wapunjao." Haielezi kwa nini kupunja ni kubaya, yamkuta msikilizaji ameshajua. Na katika Al-A'raf twaambiwa Mwenyezi Mungu haamrishi mambo machafu. Ikiwa "machafu" maana yake ni yale aliyoyakataza tu, basi aya ingekuwa yasema haamrishi anayoyakataza, na hilo nani asiyelijua? Hoja hii walikuwa nayo Muutazila, wanazuoni wa kale walioshika kuwa akili yaweza kulijua jema na baya. Al-Ash'ari wa Basra, aliyekuwa mwenzao kisha akawaacha, aliikataa: jema ni lile Mungu aliloliamrisha, akili peke yake haina hukumu. Sisi Mashafii wa pwani tumelelewa katika itikadi yake. Namheshimu mno, ila hapa nashindwa kumfuata. (Wagiriki nao waliligusa jambo hili zamani: mwanafalsafa Plato anamwonyesha mwalimu wake Socrates akiuliza kama jambo ni takatifu kwa kuwa miungu hulipenda, au miungu hulipenda kwa kuwa ni takatifu.)

Kwa hiyo zile 6,000 ni wema, dadangu, wema kamili. Usimwambie mwanao ni mazoea ya malezi, utamvunja moyo bure.

Lakini lipo moja. Nilipopata akili nilimtafuta yule mzee nimlipe. Nikaonyeshwa kaburi. Wanawe wakanisamehe, wakakataa hata pesa. Tajiri naye alishakufa, hakuna aliyewahi kumuuliza. Kilo ile, mzee atalipwa na nani? Mimi hapo siwezi bila Mungu. Siku mmekaa vizuri, chai iko mezani, muulize mwanao hilo, kisha umsikilize mpaka amalize.