Maswali yenu: Mutoto mwanamuke eko na finali siku ya posho

Vakansi imefika na ma finali za batoto zimefika nayo. Hapa Lubumbashi, mu Katuba, mu Ruashi, mu Kampemba, karibu kila kartye iko na kombe yake, na safari hii mesaji mingi zimetoka kwa bazazi na ma kochi ba ekipe za banamuke ba chini ya miaka 15. Tumezisoma zote, zenye kuuliza kitu kimoja tumeziweka pamoja.

*Jambo yaya. Mutoto wangu eko na miaka 14, njo kipa wa ekipe ya kartye, siku ya posho beko na finali. Papa yake alikuwaka anamuacha acheze, lakini mamamukwe alifika hapa akasema mwanamuke mwenye kucheza balo anaharibu tumbo, kesho hatazaa. Tena kwa hesabu yangu ile siku atakuwa mu mwezi yake. Sasa na papa naye ameanza kusema asiende. Mutoto halali, analia tu. Nifanye namna gani? — Mama wa kipa, Katuba*

Mama, aende. Nakwambia hivyo mbele ya maneno mengine juu siku ya posho iko karibu na huyu mutoto anahitaji usingizi.

Habari ya tumbo tunaisikiaka sana na sipendi kumuzarau mamamukwe juu yake, ni hivyo na yeye alifundishwa. Lakini haiko kweli. Kizazi cha mwanamuke kinakaa ndani kabisa, mifupa ya kiuno inakizunguka, kukimbia na kuruka hakukiharibu, na hata balo ikimupiga ku tumbo itamuuma kama inavyomuuma mutoto mwanaume. Alex Morgan wa Marekani alibeba Kombe ya Dunia mara mbili, 2015 na 2019, akazaa mwaka 2020, mwaka wenye kufuata akacheza michezo ya Olimpiki huko Tokyo. Na hatuna hata lazima ya kwenda mbali vile. Mwezi wa 11 mwaka 2024 banamuke ba TP Mazembe, ba hapa hapa kwetu, balienda Moroko bakapiga AS FAR 1-0, ekipe ya wenyeji, mu finali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, bakarudi na kombe Lubumbashi. Mukumbushe mamamukwe ile siku, kama anapendaka Mazembe atakumbuka.

Mwezi nayo haimukatazi mutu kucheza. Kuna batoto benye kusikia maumivu siku ya kwanza na kuna benye hawasikii kitu, wewe njo unamujua wako, na mara mingi mwili ukipata moto maumivu yanapungua. Chenye kinawaogopeshaka kabisa ni haya ya kuonekana. Kwa hiyo uliza kochi leo, usingoje siku ya posho asubui, kaputula ni ya rangi gani. Ikiwa nyeupe, omba ibadilishwe, na usione haya kuomba: Uingereza, ekipe kubwa vile, mwaka 2023 banamuke balibadilishiwa kaputula nyeupe bakapewa za bulu mbele ya Kombe ya Dunia, juu ya sababu hii hii. Mutoto avae kaputula ingine ya kubana ndani, mu sakoshi yake weka ma pedi mbili tatu, na mama moja wa ekipe ajue, ili mi-temps asikose mutu wa kuambia.

Sasa papa. Usimubishie usiku mbele ya mamake, atakaza kichwa tu. Omba kochi afike kunyumba yeye mwenyewe, pamoja na mama moja mwenye mutoto mu ekipe, bakae, baongee naye kwa heshima kama vile bantu banaomba kitu. Na papa akiuliza mutoto atarudi saa ngapi, na nani, atabadilisha nguo wapi, bamujibu muzuri, juu hayo ni maswali ya muzazi mwenye kupenda mutoto wake na ekipe yenye haina jibu bado haijajipanga. Kisha bamuombe afike na yeye ku kiwanja. Mingi ya hawa bapapa banakatazaka kitu chenye hawajaonaka na macho, akimuona binti yake anaruka ku kona, anashika balo na mikono mbili kati kati ya batu sita, ataongea ingine.

*Mimi ni kochi. Demi-finali tulipita na mapenalti lakini nilisikia haya sana, juu batoto babili balikataa kupiga pale pale mbele ya bantu. Nilazima kumupa arbitri liste ya bapigaji mbele? Na kipa wangu ni mufupi, goli ni kubwa. — Kochi, Ruashi*

Hapana, liste haimuhusu arbitri. Sheria inasema kila ekipe inajichagulia bapigaji na mulolongo yao, na arbitri haambiwi. Kwa hiyo mutoto akishikwa na woga mu dakika ya mwisho unaweza kubadilisha bila kuomba mutu. Chenye hauwezi kubadilisha ni hiki: anapiga paka mwenye alikuwa mu kiwanja wakati mechi iliisha. Ule mupigaji muzuri wako, ukimutoa dakika ya 65 ili apumuzike, umemupoteza. Fikiri hiyo mbele ya kufanya shanjima. Arbitri atarusha faranga mara mbili, ya kwanza kwa kuchagua goli, ya pili kapiteni mwenye ameshinda anachagua kupiga wa kwanza ao wa pili. Tano tano, na mukilingana munaendelea moja moja, hakuna mwenye kurudia mbele ya benzake bote hawajapiga, hata kipa. Kwa hiyo usifundishe batano tu, kumi na moja bote bapige ku antrenema.

Kwa bale babili balikataa, bakochi mingi banawapigiaka kelele. Wewe usifanye hivyo. Waulize kesho, kila mutoto peke yake pembeni, siyo mbele ya ekipe: unataka kupiga? Mwenye anasema hapana, muandike wa mwisho na umuache amani. Mwenye anasema ndiyo, muambie achague upande tangu leo, asibadilishe mawazo akishaanza kukimbia. Kubadilisha pale njiani ndiyo inapotezaka mapenalti ya batoto, kuliko nguvu ya muguu.

Kipa wako sasa. Goli ya bakubwa ni metre 7,32 kwa 2,44, na ku penalti balo inawekwa metre 11. Kwa mutoto wa miaka 13 ao 14 ni nafasi kubwa sana, na kweli sheria inaruhusu shirikisho la inchi lipunguze goli, kiwanja na dakika kwa batoto, basi uliza benye kuandaa kombe kama balipunguza ao hapana. Kama ni goli ya bakubwa, usimufundishe kuruka juu. Naonaka batoto ba ile miaka banapiga chini, karibu na majani, kwa hiyo mufundishe kuanguka upande na mikono mbele. Balo ikipigwa, anaruhusiwa awe na muguu moja tu ku mustari, ao hata kipande cha ule muguu, mwingine uende mbele. Ile hatua moja inamusaidia mutu mufupi kuliko kuruka. Asiguse mulingoti, asitikise filé, arbitri ataona.

Na niongeze kitu chenye haukuuliza. Magoti ya basichana yanaumiaka kuliko ya bavulana, mishipa ya ndani ya goti inakatika bila hata mutu kumugusa, paka kwa kugeuka ao kushuka mubaya kisha kuruka. Kuna mazoezi inaitwa FIFA 11+, dakika 20 hivi, kukimbia, kusimama muguu moja, kuruka na kushuka na magoti yenye kukunja yenye haziingii ndani. Huko Norway balijaribu karibu na basichana 1.900 ba miaka 13 mpaka 17, matokeo yakatoka mwaka 2008, na bale benye balifanya haya mazoezi balipata majeraha pungufu karibu theluthi moja. Haiombi vyombo wala faranga, inaomba tu kila antrenema ianze nayo na siyo siku ya finali peke yake.

*Yaya, mudogo yangu aligongana kichwa na mwenzake mu demi-finali siku ya Mungu yenye ilipita. Alikaa chini, hakukumbuka tuko ku mangapi, akatapika mara moja, kisha akasema eko muzuri akarudi kucheza. Mpaka leo kichwa kinamuuma kidogo akitazama telefone. Kochi anasema finali iko siku ya posho, anamuhitaji, njo attaquant wake. — Kaka ya namba 9, komini ya Kenya*

Asicheze. Najua ni maneno ya kuumiza na najua ekipe inamutegemea, lakini asicheze, na mumupeleke kwa munganga leo, musingoje kesho.

Kusahau, kutapika, kichwa kuuma akitazama mwangaza: zote hizo ni alama kama ubongo ulitikisika ndani. Haihitaji damu, haihitaji kuzimia. Siku ile asingerudi mu kiwanja hata dakika moja. Kwa batoto ubongo unachukuaka muda kuliko kwa bakubwa kupona, na akigongwa tena mbele ya kupona inaweza kumuletea hatari kubwa sana, hata kifo. Siku sita hazitoshi hata kama atawaambia asubui ya finali eko muzuri, na atawaambia, juu anataka kucheza. Akianza kutapika tena, ao kusinzia na hamuwezi kumuamusha muzuri, ao mwili kutetemeka, ao boni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko ingine, ni lopitali sawa sawa ile saa.

Kwa kochi: tangu mwaka 2024 sheria za balo zinaruhusu benye kuandaa kombe baongeze shanjima moja ya peke yake kwa mutu mwenye kuumia kichwa, yenye haihesabiwe na zingine. Muulize hiyo mu mukutano ya mbele ya mechi. Na namba 9 mumuvalishe jezi yake, akae ku banki na benzake kama kelele na jua havimusumbue, medali ikifika abebe na yeye.

*Bazazi mingi munauliza: bakule nini?* Mechi ya saa tisa, bakule saa sita hivi, bukari kidogo na samaki ao mayai, ao muchele, mafuta kidogo. Sombe na maharagi bakule usiku, mechi ikiisha, siyo ile muchana. Kitu chenye hawajakulaka siku zote basikijaribu ile siku. Maji banywe kidogo kidogo tangu asubui, ndizi mi-temps. Munkoyo ingoje mpaka mechi iishe.

*Yaya, mimi naulizia kwangu mwenyewe, niko na miaka 13, nachezaka nyuma upande wa kushoto. Kama tukishinda naweza kufanya kama Kidiaba, ao arbitri atanipa karti? — Namba 3, Kampemba*

Namba 3, fanya! Kidiaba, kipa wa Mazembe, alikaa chini akaruka ruka na matako mwaka 2010 huko Abu Dhabi, Mazembe ilipopiga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika finali ya Kombe ya Dunia ya maklabu, dunia nzima ikaona, na sheria haikatazi mutu kusherekea. Chenye kinaletaka karti ya njano ni kuvua jezi, kupanda ku sengenge, kuchekelea ekipe ingine ao kupoteza wakati mechi ikiwa bado. Ukifunga dakika ya 10, ruka mara mbili tatu, kisha kimbia urudi nafasi yako ya kushoto, juu batarudisha balo kati kati mbio na bataangalia ule upande wenye hauna mutu.