Maswali na majibu: Vyuo vya Marekani vinavyohama kufuata fedha za televisheni

Barua za wiki hii karibu zote zinauliza jambo moja: kwa nini vyuo vikuu vya Marekani vinahamahama ligi? Kwa msomaji mgeni, mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na kukimbia na mpira kwapani. Timu za vyuo hucheza chini ya miungano inayoitwa konferensi. Konferensi hupanga ratiba, huuza haki za matangazo, kisha hugawa fedha. Kubwa kwa sasa ni nne: Big Ten, SEC, Big 12 na ACC.

UCLA iko Los Angeles, Rutgers iko New Jersey, karibu kilomita 4,000. Vipi wawe ligi moja, Big Ten? Hakuna shirikisho la kuwazuia? (Msomaji, Nairobi)

Shirikisho lipo, linaitwa NCAA, ila katika mpira huu limenyang'anywa rungu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndilo lililodhibiti matangazo yote, na timu moja haikuruhusiwa kuonekana kwenye televisheni zaidi ya mara sita ndani ya miaka miwili. Hofu ilikuwa kwamba watu wakiona mpira nyumbani hawatakwenda uwanjani. Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia vikaenda mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba utaratibu ule ulivunja sheria za ushindani wa kibiashara. Mmoja wa majaji wawili waliopinga, Byron White, aliwahi kuwa nyota wa mpira huo huo chuoni Colorado. Aliandika kwamba wenzake wanakosea kuichukulia michezo ya vyuo kama biashara tupu. Miaka 40 baadaye, biashara tupu ndiyo tuliyo nayo.

Tangu hukumu ile kila mtu anauza chake, na wakagundua mapema kwamba wakiuza kwa pamoja, tena wakiwa wengi na wenye majina, bei inapanda. Kwa hiyo chuo kinapotaka kuhama, wanaopiga kura ni wakuu wa vyuo vya konferensi inayokipokea. NCAA haiulizwi.

Rutgers hawashindi chochote. Walialikwa Big Ten kwa lipi? (Msomaji, Dodoma)

Kwa anwani yao. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake halina hata chembe ya mpira ndani yake.

Mwaka 2007 Big Ten ilianzisha chaneli yake kwa ubia na kampuni ya televisheni ya Fox. Chaneli ya namna hiyo haiishi kwa matangazo ya biashara peke yake. Kampuni ya kebo huilipa ada kila mwezi kwa kila nyumba iliyojiunga, iwe nyumba hiyo inaitazama au haiitazami. Bibi anayefuatilia tamthilia tu naye anachangia. Ada hiyo ilikuwa karibu dola 1 kwa nyumba zilizo ndani ya eneo la konferensi, na senti chache tu kwa zilizo nje. Sasa chukua ramani. Rutgers iko New Jersey, jirani na New York, soko kubwa kuliko yote Marekani. Maryland iko kando ya Washington. Wote wawili walitangazwa Novemba 2012 na wakaanza kucheza Big Ten mwaka 2014, na mamilioni ya nyumba yakahesabiwa kuwa ndani ya eneo. Matokeo ya uwanjani hayakumhusu mtu.

Ila hesabu hiyo imeanza kuzeeka. Wamarekani wanakata kebo kwa kasi, na anayelipia mtandaoni huchagua anachotaka kukitazama. Ndiyo maana safari zilizofuata hazikufuata idadi ya nyumba, zilifuata majina yanayokusanya watazamaji Jumamosi: Texas na Oklahoma kwenda SEC, USC na UCLA kwenda Big Ten, wote wakianza mwaka 2024. Ningekuwa mshabiki wa Rutgers ningeshukuru Mungu kwamba tuliingia mlango ukiwa bado wazi.

Kaka, huku Columbus watu wanalalamika: kwa nini Ohio State igawane sawa na hao hao Rutgers? (Msomaji, Ohio)

Kwa sababu Ohio State haiwezi kucheza peke yake, ndugu yangu. Big Ten na SEC zimeshikamana kwa miaka mingi kwa kugawana sawa. Ndani ya SEC, Vanderbilt, waliofungwa mara kwa mara kwa miaka mingi, hupata fungu sawa na Alabama. Wasiofuata njia hiyo waliona cha moto. Big 12 kwa miaka mingi iliwapa wakubwa zaidi, kisha mwaka 2011 Texas ikafungua chaneli yake binafsi na kituo cha michezo cha ESPN kwa mkataba wa dola milioni 300 kwa miaka 20. Ndani ya mwaka 2011 na 2012 vyuo vinne vikaondoka Big 12: Nebraska, Colorado, Missouri na Texas A&M. Chaneli haikuwa sababu pekee, na Nebraska na Colorado walikuwa wameshaamua kabla haijafunguliwa, lakini iliwaonyesha waliobaki wanavyothaminiwa.

Hata hivyo malalamiko ya Columbus yana wasikilizaji siku hizi. Oregon na Washington waliingia Big Ten kwa takriban nusu ya fungu. Stanford na California waliingia ACC kwa asilimia 30 kwa miaka saba ya mwanzo. Chuo cha SMU cha Dallas kilikubali kutopokea fedha za televisheni za ACC kwa miaka tisa. Matajiri wanaokifadhili waliona bora kukaa sebuleni na njaa kuliko kushiba uani. Na tangu makubaliano ya Machi 2025, ACC inagawa asilimia 60 ya fedha za televisheni kwa kufuata idadi ya watazamaji wa kila timu. Sioni kwa nini wakubwa wa Big Ten wasidai hayo hayo.

Pac-12 ilikufaje haraka vile? (Msomaji, Mombasa)

Kifo cha konferensi hii ya pwani ya Magharibi kilikuwa cha siku moja, ugonjwa ulikuwa wa miaka. Mwaka 2012 walianzisha chaneli zao bila mbia, na kampuni kubwa ya setilaiti ya DirecTV haikuwahi kuzibeba. Juni 2022 USC na UCLA wakatangaza kuondoka, soko la Los Angeles likaenda nao. Big 12 wakawahi kusaini mkataba mpya Oktoba mwaka huo. Pac-12 wakaendelea kusubiri bei nzuri zaidi. Kilichokuja mezani ni ofa ya Apple, ambayo sehemu kubwa ya mapato ingetegemea watu wangapi watajiunga. Colorado waliondoka mwishoni mwa Julai 2023. Tarehe 4 Agosti wakaondoka watano kwa mpigo. Walipoondoka na Stanford na California, walibaki Oregon State na Washington State, ambao sasa wanaijenga upya na wenzao kama Boise State kuanzia 2026.

Timu ikiwa ya mwisho miaka kumi, haishuki daraja? (Msomaji, Kigoma)

Haishuki. Hakuna daraja la kushukia.

Binti yangu anacheza voliboli chuoni. Mabilioni haya yanamfikia? (Mama, Des Moines)

Shikamoo mama. Yanamfikia kidogo sana, na mengine yanamfikia kama uchovu wa ndege. Tangu Julai 2025, kufuatia makubaliano ya kesi iitwayo House, kila chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, kwa jumla isiyozidi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Chuo chenyewe ndicho huamua nani apate nini, na vyuo vingi vikubwa vimeelekeza sehemu kubwa kwa wachezaji wa mpira wa Kimarekani wa kiume, kisha kikapu cha wanaume. Timu ya mpira husafiri mechi chache kwa msimu, tena mwisho wa wiki. Voliboli husafiri mara nyingi zaidi, na mara nyingine katikati ya masomo. Muulize kocha ratiba ya safari kabla ya kuuliza fedha. Mimi ningefanya hivyo.

Nani anafuata kuhama? (Msomaji, Muscat)

Usiangalie majina, angalia tarehe. Mkataba wa Big Ten na Fox, CBS na NBC, wenye thamani inayozidi dola bilioni 7, unaisha 2030. Wa Big 12 unaisha 2031. Wa ACC unakwenda hadi 2036, na vyuo vyake vilikabidhi haki zao za matangazo kwa konferensi, ndiyo maana Florida State na Clemson walikwenda mahakamani badala ya kufungasha virago. Lakini yale makubaliano ya ACC ya Machi 2025 yanashusha gharama ya kutoka hadi dola milioni 75 ifikapo msimu wa 2030–31, mwaka huo huo Big Ten watakapokuwa wanauza upya.